Muda wa fundi nao ni amana

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake.

Ndugu msomaji, tumezoea kufundishana haki ya mfanyakazi kulipwa ujira wake mapema, kabla jasho lake halijakauka. Ni haki kubwa. Lakini ipo haki nyingine ya mwenye kazi ambayo tunaivunja kila siku, tena huku tunatabasamu na kupeana mikono. Ni haki ya kuachwa afanye kazi yake. Juma hili tuisome haki hiyo, na nitaanza kwa kujisema mwenyewe.

Kanzu iliyonifunza

Siku mbili kabla ya Idd el-Fitr nilikwenda kwa fundi cherehani mmoja hapa Shirimatunda, katika Manispaa ya Moshi, kuchukua kanzu ya mwanangu. Kitambaa nilimpa wiki tatu kabla. Kanzu haikuwa tayari, na vibaya zaidi, mkono mmoja ulikuwa umekatwa mfupi kuliko mwenziwe. Nilighadhibika. Nikamkumbusha Hadith ya alama za mnafiki, kwamba moja ya alama hizo ni kuahidi na kutotimiza. Fundi aliinamisha kichwa, hakujibu. Nami nikaketi kwenye benchi lake kusubiri.

Benchi lile nimelikalia miaka mingi, lakini siku ile ndiyo niliyoona kinachopita mbele yake. Kuanzia Alasiri hadi karibu na Magharibi walikuja watu 11. Mmoja aliomba chenji ya shilingi elfu kumi. Mwingine aliacha simu ichajiwe. Mama mmoja aliacha mzigo wake wa ndizi, akarudi kuuchukua, na mara zote mbili salamu zilifika hadi kwa wajukuu. Vijana wawili walikuja na ubishi wao wa Simba na Yanga, wakamtaka fundi awe mwamuzi. Watatu walitaka kutoa pesa kwenye simu, maana fundi ni wakala pia. Jirani mmoja alikuja kupumzika tu. Waliobaki wawili ndio walioleta nguo. Na wa 12 nilikuwa mimi, nimekaa namsemesha.

Nilipomuuliza ule mkono wa kanzu ulikatwaje vile, alinijibu kwa upole: "Ustadh, nilikuwa nimeshapima na kuweka alama upande mmoja. Nikaitwa nje. Niliporudi nikashika mkasi, nikidhani alama nimeshaziweka pande zote." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Samahani, Ustadh, siku ile aliyeniita nje ulikuwa wewe. Ulitaka tuzungumze mchango wa mabati ya madrasa."

Ndugu msomaji, sikuwa na la kusema. Fundi alitaka kunilipa kitambaa, na kifiqhi fundi akiharibu mali ya mteja kwa uzembe wake huilipa. Lakini nilijiuliza: na mimi niliyemtoa kwenye kazi ya watu kwa jambo ambalo lingeweza kusubiri hadi baada ya Swala, nitalipa nini, na kwa nani?

Aya ya deni na haki ya mwandishi

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an ni ya 282 ya Surat Al-Baqara. Inahusu deni. Humo waumini wanaamrishwa kuandikiana, na anayejua kuandika anakatazwa kukataa kuandika. Wengi tunaishia hapo. Lakini mwisho wa aya hiyo hiyo Mwenyezi Mungu (S.W.) anakataza mwandishi na shahidi wasidhuriwe.

Wadhuriwe kwa namna gani? Katika maelezo yaliyopokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), na ambayo wafasiri kama Tabari na Ibn Kathir wameyanukuu, ni kwamba mtu huwaendea mwandishi au shahidi wakiwa katika haja zao, nao wakamwambia kuwa wana shughuli, naye akawashikilia kwa hoja kwamba wameamrishwa kuitika. Hana haki ya kuwadhuru hivyo.

Tafakari jambo hili. Kuandika deni ni kazi iliyoamrishwa na Qur'an yenyewe, na bado yule anayeihitaji hakupewa ruhusa ya kumvuruga mwandishi katika shughuli zake. Ikiwa jambo la wajibu halimpi mtu haki ya kumdhuru mwenziwe, je, ubishi wa mpira unampa? Je, mazungumzo yangu ya mabati yalinipa?

Duka limefunguliwa kwa ajili ya nini?

Huenda mtu akasema kuwa duka ni mahali pa wazi na haliingiwi kwa hodi. Ni kweli. Katika Surat An-Nur aya ya 27 na 28 tumeamrishwa kuomba ruhusa na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za watu, na tukiambiwa turudi, basi turudi, kwani hivyo ndivyo usafi wetu. Kisha aya ya 29 inatuondolea ubaya wa kuingia majumba yasiyokaliwa ambamo mna manufaa yetu. Baadhi ya wafasiri wa mwanzo wameyahesabu maduka ya sokoni kuwa miongoni mwa hayo, kwa kuwa mwenyewe ameshafungua mlango na kuwaita watu.

Lakini amewaita kwa lipi? Amewaita wanunue, walete kazi, waulize bei. Ruhusa hiyo ina mpaka. Anayekuja kushona ameingia kwa ruhusa. Anayekuja kukaa saa mbili akipiga soga mbele ya cherehani inayozunguka, huyo ruhusa yake iko wapi? Benchi la mteja si kijiwe. Na mtu akiambiwa "rudi baadaye", asione kuwa amedharauliwa, maana Qur'an imemwambia kuwa kurudi ndiko usafi.

Tazama walivyokuwa Maswahaba. Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) alikwenda kwa Umar bin al-Khattab (R.A.), akabisha hodi mara tatu, naye Umar alikuwa na shughuli, hakumwitikia. Abu Musa akaondoka. Alipoulizwa kwa nini amerudi, alieleza kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mtu akiomba ruhusa mara tatu asipopewa, arudi. Bukhari na Muslim wameipokea. Abu Musa hakununa, wala hakwenda kumtangaza Umar kuwa ana kiburi. Sisi jirani akichelewa kuinua kichwa kutoka kwenye kazi yake, tunasema amekuwa na maringo tangu apate cherehani ya umeme!

Haya ya mwenye duka

Nilimuuliza fundi kwa nini hawaambii watu kuwa ana kazi. Akajibu kuwa anaona haya. Wengine ni wakubwa zake, wengine wamemzika mama yake, na wengine ndio wateja wa kesho. Akiwaambia waondoke, watasema pesa zimempanda kichwani.

Haya ni katika imani, na fundi huyu asilaumiwe kwa kuwa nayo. Mtume (S.A.W.) mwenyewe ilimfika. Katika karamu ya ndoa yake na mama wa waumini Zaynab bint Jahsh (R.A.), wageni walikula, kisha baadhi yao wakabaki wakizungumza. Anas bin Malik (R.A.) amesimulia jinsi Mtume (S.A.W.) alivyosimama akatoka, akapitia vyumba vya wakeze akiwasalimia, akarudi na kuwakuta wangali wamekaa. Aliona haya kuwaambia waondoke. Ndipo ikashuka aya ya 53 ya Surat Al-Ahzab, ikiwafunza waumini kuwa wakishakula watawanyike wala wasibaki kuzoeana kwa mazungumzo, kwa sababu jambo hilo lilikuwa likimuudhi Mtume naye akiwaonea haya, lakini Mwenyezi Mungu haoni haya katika haki.

Hapa kuna mafunzo mawili. La kwanza ni la mgeni: usingoje kufukuzwa. Mwenye adabu huangalia mikono ya mwenyeji wake na kujua kuwa wakati umekwisha. La pili ni la mwenye duka: kwa kuwa haki imeshasemwa na Mwenyezi Mungu, wewe kuisema kwa upole si utovu wa adabu. Haya inayomfanya mtu avunje ahadi za wateja 20 ili asimkwaze mpiga soga mmoja imetoka mahali pake.

Moyo hauko sehemu mbili

Wapo wanaodhani kuwa kukatizwa dakika mbili ni kupoteza dakika mbili tu. Sivyo. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alichapisha utafiti uliobaini kuwa mtu akiacha kazi kabla hajaimaliza na kuhamia nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki kwenye ile ya kwanza, na ile ya pili haifanyi vizuri. Mwaka mmoja kabla yake, Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, pamoja na wenzake walionesha kuwa watu wanaokatizwa huharakisha kazi ili kufidia, lakini hulipa kwa msongo wa mawazo na kuchoka moyo. Fundi wetu hakuhitaji kusoma hayo. Anayajua kila jioni anapofunga duka akiwa hoi na kazi ziko pale pale.

Waislamu tulifunzwa zamani kuulinda moyo usigawanyike. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) aliswali na vazi lenye nakshi, macho yake yakaiona nakshi ile. Alipomaliza aliagiza vazi lile lipelekwe kwa Abu Jahm, aletewe lake lisilo na nakshi. Zingatia: hakuishia kuazimia kutoitazama mara nyingine, bali aliondoa kile kilichomshughulisha. Vile vile amekataza hakimu asihukumu akiwa na ghadhabu, na wanazuoni wakaingiza humo njaa kali, usingizi na kila kinachovuruga akili, kwa sababu haki za watu ziko mikononi mwake. Na haki za watu ziko mikononi mwa fundi pia. Kitambaa ni mali ya mtu, na ahadi ya siku ni deni.

Afanye nini mwenye duka?

Siku chache baada ya Idd tulikaa na fundi, safari hii baada ya Isha akiwa amefunga, tukapanga mambo haya. Naamini yatamfaa pia mwenye saluni, fundi simu, mama ntilie na kila mwenye kibiashara kidogo.

Kwanza, alfajiri. Mtume (S.A.W.) ameuombea umma wake baraka katika asubuhi zake. Aliyeipokea Hadith hiyo ni Sakhr al-Ghamidi (R.A.), naye alikuwa mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka bidhaa zake mapema, akatajirika. Wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Basi kazi isiyovumilia makosa, yaani kupima na kukata, ifanywe baada ya Swala ya Alfajiri hadi saa 3 asubuhi, mlango ukiwa nusu na pazia limeshushwa. Kushona, kutia vifungo na kupiga pasi vinavumilia watu, vibaki mchana.

Pili, benchi. Fundi alilitoa mbele ya cherehani akaliweka barazani. Anayesubiri nguo ana pa kukaa, lakini hayuko tena usoni pa fundi. Hakumfukuza mtu hata mmoja.

Tatu, daftari. Vipimo viandikwe hapo hapo vinapochukuliwa, vikiwa na jina na siku ya ahadi. Na akiitwa katikati ya kazi, kabla hajainuka aweke alama ya chaki pale alipoishia. Ni sekunde tano tu, nazo zingeokoa kanzu ya mwanangu.

Nne, simu na uwakala. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na tangu hapo maduka mengi madogo yamepata riziki ya pili kwa uwakala. Si vibaya, lakini kazi mbili zinazogombania mkono mmoja huharibiana. Sayyidna Abu Bakr (R.A.) alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Wanahistoria wamesimulia kuwa alipokuwa Khalifa alitoka kwenda sokoni na nguo zake kama kawaida, akakutana na Umar (R.A.), na mwisho Waislamu wakamkadiria posho kutoka hazina ili ashughulike na mambo yao. Basi fundi ama amwachie uwakala kijana anayejifunza kazi, ama aupangie saa zake na kuziandika mlangoni. Na simu yake ya mazungumzo ikae mbali wakati wa kukata. Tusiwalaumu wageni peke yao: mara nyingi hakuna aliyetuita, ni sisi wenyewe tuliofungua WhatsApp kuangalia kundi la ukoo.

Tano, neno jema lililotayarishwa. Mwenye haya hukosa maneno kwa kuwa huyatafuta papo hapo. Ayaweke tayari: "Karibu sana, shangazi. Kazi ya mtu iko mkononi, Adhuhuri nitakuwa huru, nitafurahi tukizungumza." Salamu iitikiwe kikamilifu, uso uwe mkunjufu, na mkono usiache mkasi. Na hiyo Adhuhuri ikifika, akumbuke kumtafuta shangazi.

Sita, Swala iwe ndiyo mipaka ya siku. Katika Surat Al-Jumu'a aya ya 9 na 10 waumini wanaambiwa waache biashara wanapoitwa Swala ya Ijumaa, na ikimalizika watawanyike kutafuta fadhila za Mola wao. Kila jambo limepewa wakati wake. Anayetaka muda wake wa kazi uheshimiwe na watu, naye auheshimu muda wa Mola wake. Haitafaa tufunge pazia kwa ajili ya kukata kitambaa, kisha adhana ituache tumekaa.

Mpaka wa jambo hili

Naogopa mtu asije akaisoma makala hii kisha akawafungia mlango watu wote. Qur'an imeweka upande wa pili wa mizani. Abdullah bin Umm Maktum (R.A.), kipofu, alimjia Mtume (S.A.W.) akitaka kufunzwa, wakati Mtume akishughulika na wakubwa wa Maquraishi. Mtume (S.A.W.) alikunja uso, ikashuka Surat Abasa kumkumbusha kuwa huenda huyu aliyekuja kwa shauku ndiye atakayetakasika. Kwa hiyo kukatizwa kote si kumoja. Yupo anayekuja kupoteza muda na yupo anayekuja kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Mama mwenye mtoto mgonjwa anayetafuta kutoa pesa ya dawa hapaswi kuambiwa asubiri hadi saa za uwakala. Yatima aliyechanika sare yake asubuhi ya shule hapaswi kuandikiwa siku ya ahadi.

Tena ukitazama vizuri, anayejilinda na soga ndiye anayebaki na nafasi ya kumhudumia mwenye shida. Fundi aliyechoshwa na watu tisa wasio na haja humkunjia uso wa kumi aliyekuja na haja ya kweli.

Na sisi tunaopita mbele ya maduka ya ndugu zetu, tujiulize maswali matatu kabla hatujasimama: Nimekuja na haja? Haiwezi kungoja? Na huyu ninayemsemesha, mikononi mwake kuna mali ya nani? Walimu, maimamu na wenye kukusanya michango tujiulize zaidi, kwa sababu sisi hatukataliwi. Watu hutuonea haya kwa ajili ya dini, na haya hiyo tusiifanye mtaji.

Mwanangu aliswali Idd na kanzu ya mwaka uliotangulia, imempanda juu ya vifundo. Aliponiuliza kwa nini yake mpya haikuwa tayari, nilimwambia ukweli kuwa baba alimchelewesha fundi. Mabati ya madrasa tuliyazungumza siku ile tuliyokaa baada ya Isha, kwa dakika kumi, na mchango wa fundi ulikuwa mkubwa kuliko wangu.

Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie kuwa watu wa kutimiza ahadi, na atuepushe kuwa sababu ya wenzetu kuzivunja zao. Wabillahi tawfiq.